Simu Ni Yako, Lakini Setingi Zilipangwa na Nani?

Kuna sifa moja vijana wa Kenya tunapenda kujipa: ati sisi ndio tunajua simu. Na si uongo. Juni 2024, Mswada wa Fedha ukiwa Bungeni, wasee waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaujadili usiku kucha kwenye Spaces za X, wakapanga maandamano bila chama na bila kiongozi mmoja. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bunge, watu wakauawa, na intaneti ikaanza kukwama siku hiyo hiyo. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatatia sahihi ule mswada. Sehemu kubwa ya hiyo mambo ilipangwa kwa simu za mfukoni, zingine kioo kimepasuka.

Sasa chukua msee yule yule, mpige maswali matano. Simkadi yako iko na PIN? Ni apu gani zina ruhusa ya kusoma kontakti zako? Bando ya jana ililiwa na nini? IMEI yako umeiandika wapi? Na simu ikinyakuliwa saa hii hapa Tom Mboya, utaifunga aje?

Wengi watacheka, alafu wabadilishe stori.

Hapo ndio nataka tuongee. Tunajua apu, lakini simu yenyewe hatuijui. Na hii si stori ya wasee wa IT. Ni stori ya doo. Simu inatoka kwa boksi ikiwa imepangwa tayari, na mwenye kuipanga hakuwa anakufikiria wewe unanunua bando ya mbao. Apu ya video inataka uangalie zaidi. Apu ya mkopo inataka kujua marafiki wako wote. Kila mmoja ameweka setingi za kumfaa yeye, akijua wengi wetu hatutawahi zigusa. Usipozigusa, umekubali.

Twende moja moja, juu kila setingi hapa iko na bei yake.

Bando inaishaje na hukuguza kitu?

Hii ndio malalamishi namba moja mtaani. Umenunua bando ya finje, umeweka simu mfukoni, kufika Kencom imeisha. Mara moja unalaumu kampuni ya simu. Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa si kweli, lakini kuna mahali pa kuthibitisha kabla hujaenda kulia X. Ingia setingi, tafuta matumizi ya data. Utapata orodha ya apu, kutoka ile imekula sana mpaka ile imekula kidogo, na utaona pia ngapi zimekula nyuma ya pazia, yaani ukiwa hata hujazifungua.

Kwa wengi, orodha ya juu ni ile ile: TikTok, YouTube, Instagram, Facebook, WhatsApp. Video zinajicheza zenyewe kabla hujaamua kama unazitaka. WhatsApp nayo, ukiiacha vile ilikuja, inashusha kila picha ukiwa kwa data, na ukiingia Wi-Fi inashusha na video pia. Hesabu groups zako. Ya familia, ya chama, ya klasi ya high school, ya ploti, ya mazishi iliisha 2022 na hakuna mtu ametoka. Kila "good morning" yenye maua inakuja kwa pesa yako.

Dawa ni dakika tatu. Kwa WhatsApp, ingia setingi, kisha Storage and data, toa alama zote kwa sehemu ya kujishushia media ukiwa kwa data. Picha utaifungua mwenyewe ukiitaka. Hapo hapo washa ile ya kupunguza data kwa simu za WhatsApp. TikTok iko na Data Saver yake. YouTube unaweza kuiambia isipite ubora wa chini ukiwa kwa data. Alafu Android yenyewe iko na Data Saver tangu 2016, ambayo inazuia apu kukula data nyuma ya pazia, na unachagua chache za kuachilia, kama ile ya kazi.

Ukitaka kutumia beshte filamu ama picha za sherehe, usitume kwa WhatsApp mkiwa mmekaa meza moja. Quick Share, ambayo zamani iliitwa Nearby Share, inapitisha faili kutoka simu hadi simu bila bando hata moja. Na kama unaenda mahali hujui, shusha ramani ya Google ya eneo hilo ukiwa kwa Wi-Fi, itakuongoza hata bila data.

Fanya hesabu yako mwenyewe. Tuseme unaokoa mbao moja kwa siku. Hiyo ni mia sita kwa mwezi. Kwa msee anayehustle, mia sita ni tokeni za stima.

Apu ya mkopo na kontakti za mathe

Hapa ndio setingi ziliwahi kuaibisha watu vibaya zaidi hii nchi. Unakumbuka ile kipindi apu za mkopo zilikuwa zinapigia mathe yako, boss wako, hata ex wako, kuwaambia una deni ya elfu mbili? Walizitoa wapi hizo namba? Hawakuiba. Ulipofungua apu, iliuliza kama inaweza kusoma kontakti, ukabonyeza kubali juu ulikuwa na haraka ya pesa.

Sheria ilikuja polepole. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa 2019. Machi 2022 Benki Kuu ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, kwamba lazima wawe na leseni. Mwaka wa 2023 Google nayo ikapiga marufuku apu za mikopo ya watu binafsi kuomba kontakti na picha. Na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ikaipiga kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya kutumia majina na namba walizopata kwa watu wengine kutuma vitisho.

Poa. Lakini angalia mpangilio wa hiyo stori. Sheria ilichukua miaka. Faini ilitolewa baada ya watu kuaibika. Na marufuku ya Google inafanya kazi kwa Play Store. Ukitumiwa linki ya kushusha apu kando, hiyo ulinzi hauko. Yaani serikali na Google wote wakilala, kitu kimebaki kati ya mkopeshaji na mathe yako ni kidole chako.

Kwa hivyo ingia setingi, sehemu ya faragha, utafute Permission manager. Fungua Contacts. Utaona apu zote zenye ruhusa. Kwa kila moja jiulize: hii inahitaji kontakti za nini? Tochi haihitaji. Gemu haihitaji. Kikokotoo hakihitaji. Toa. Rudia kwa SMS, kamera, maikrofoni na mahali ulipo. Apu ikikataa kufanya kazi bila kontakti na kazi yake haihusu kontakti, hiyo imekujibu swali. Ifute.

Nduthi imepita, simu imeenda

Kila mtu Nairobi ana stori ya simu kunyakuliwa. Kwa dirisha la mat, kwa mkono ukiongea, na sanasana na wawili wa nduthi, mmoja anaendesha na mwingine ananyakua. Tunahuzunika juu ya bei ya simu, lakini siku hizi mwizi mjanja hataki simu pekee. Anataka simu ikiwa wazi. Simu wazi ni M-Pesa, ni benki, ni imeili, ni picha ya kitambulisho yenye umeweka kwa galari, ni watu wako wote wa kuombwa "nitumie soo tano nitarudisha jioni".

Sasa, mwaka wa 2024 Google ilileta kitu inaitwa Theft Detection Lock. Walianza kuijaribu Brazil, mahali nako simu hunyakuliwa kama hapa. Inafanya hivi: simu ikihisi imenyakuliwa mkononi kwa nguvu na mtu akakimbia ama akaondoka na baiskeli au gari, inajifunga skrini yenyewe. Iko kwa simu nyingi za Android 10 kwenda juu. Kuna pia Remote Lock: unachukua simu ya mtu yeyote, unaingia android.com/lock, unaweka namba yako, simu yako inafungwa kama iko kwa mtandao. Huhitaji kukumbuka paswodi ya Gmail ukiwa unatetemeka kando ya barabara. Wenye iPhone, tangu Januari 2024 mna Stolen Device Protection, ambayo inazuia mwizi mwenye PIN yako kubadilisha mambo mazito bila uso ama kidole chako.

Uzuri wake unaisha hapa: Remote Lock haisaidii kama haukuiwasha kabla simu iibiwe. Ingia setingi, andika "theft" kwa ile sehemu ya kutafuta, uone simu yako inakupa nini, washa. Kama haina kitu, kama vile simu zingine za bei ya chini, basi hakikisha angalau Find Hub, ile ilikuwa inaitwa Find My Device, iko on, na skrini yako inajifunga baada ya sekunde 30, si dakika kumi.

Alafu bonyeza *#06#. Hiyo namba ya tarakimu 15 inatokea ni IMEI, kitambulisho cha simu yako. Iandike kwa karatasi, ama ujitumie kwa imeili. Ukienda kuandikisha OB kwa stesheni bila IMEI, unaripoti "simu nyeusi" na Nairobi imejaa simu nyeusi.

Laini ndio mlango wa nyuma

Watu wengi hufikiri wamemaliza wakiweka fingerprint. Lakini simkadi hutoka. Mwizi anaitoa kwa simu yako imefungwa, anaiweka kwa yake, na sasa kila kodi ya kuthibitisha inakuja kwake. Na hizo kodi ndizo hufungua imeili na akaunti zako.

Kwa hivyo weka PIN ya simkadi, tofauti na ile ya skrini na tofauti na ile ya M-Pesa. Ni PIN inaombwa kila laini ikiwekwa kwa simu ama simu ikizimwa na kuwashwa. Tahadhari moja: simkadi huja na PIN yake tayari, angalia ile kadi kubwa ilikuja nayo. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu itaomba PUK, na itabidi uitafute kwa hiyo kadi ama upigie huduma kwa wateja.

Kama uko Safaricom, *106# inakuonyesha laini zote zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba huijui, kuna mtu anatembea na jina lako. Na *100*100# inafunga laini yako ili isibadilishwe simkadi kwa simu, mpaka uende dukani mwenyewe na ID.

Ficha pia yaliyomo kwa arifa ukiwa umefunga skrini. Hakuna haja ya kuwa na PIN ngumu kama kodi zote na salio la M-Pesa linasomeka juu ya kioo na mtu yeyote mliyekaa naye kwa mat.

WhatsApp nayo iko na two-step verification, namba sita unachagua mwenyewe. Hiyo ndio inakuokoa siku utapigiwa na mtu anasema "buda, kuna kodi nimetuma kwa laini yako kimakosa, nisomee". Ukisoma, WhatsApp yako imehamia kwake, na jioni beshte zako wote wanaombwa pesa kwa jina lako.

Na yule wa "nimetuma pesa kwa makosa, nirudishie"? Angalia salio kwanza, si ile meseji, meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Kama kweli alikutumia, mwambie apeleke ile meseji yake ya M-Pesa kwa 456 waanze kurudisha. Kama ni mkweli hatakasirika.

Simu ya pole pole

Kuna setingi moja hauwezi kuibadilisha, nayo ni deni. Tangu Julai 2020, Safaricom na Google walipoleta Lipa Mdogo Mdogo ya mbao kwa siku, simu za kulipa kidogo kidogo zimejaa kila mtaa. Si kitu mbaya. Kuna wasee wa nduthi na mama mboga wamepata simu yao ya kwanza hivyo, na ile simu inawaletea kazi. Lakini hizi simu zimewekwa programu ya kuzifunga usipolipa, na ukiirudisha kiwandani haitoki.

Kabla ujibu "ni sabini na tano tu kwa siku", fungua kikokotoo, kile kiko kwa kila simu. Tuseme deposit ni 3,000 na unalipa 75 kila siku kwa siku 365. Hiyo ni 27,375 na 3,000 juu, jumla 30,375. Sasa tafuta bei ya keshi ya simu hiyo hiyo. Tofauti ndio bei ya kutokuwa na pesa leo. Pengine bado inafaa, kama simu italeta kazi. Lakini amua ukiwa na namba mkononi.

Ofisi iko mfukoni

Mimi nilitoka chuo kabla ya kumaliza, na hakuna darasa hata moja kule lilifundisha kutumia simu kufanya kazi. Ni kitu watu hufikiri unazaliwa ukijua. Matokeo ni kwamba tunalipa cyber kwa kazi ambazo simu inafanya bure.

Umeitishwa vyeti kama PDF? Apu ya Google Drive iko na alama ya kamera. Unapiga picha ya karatasi, inakata pembe, inatoa PDF safi. iPhone inafanya hivyo ndani ya Notes. Umechoka kutaipu? Kibodi ya Google iko na maikrofoni, na inasikia Kiswahili tangu 2017. Ongea, itaandika, alafu urekebishe. Sheng itaichanganya kidogo, lakini barua ya kuomba kazi hauandiki kwa Sheng. Tovuti imekataa kufunguka vizuri kwa simu? Kwa Chrome, bonyeza zile nukta tatu, chagua Desktop site. Hivyo unaweza kufile nil returns mwenyewe kabla ya 30 Juni, badala ya kupiga foleni kwa cyber siku ya mwisho, ama kuchelewa na kudaiwa faini ya 2,000.

Hata nafasi ikijaa, usikimbilie kufuta picha zako. WhatsApp, kwa Manage storage, itakuonyesha zile faili zimezidi 5MB na zile zimetumwa mara nyingi. Anza kufuta hapo. Na betri: hii tabia ya kufagia apu zote kila dakika haisaidii, simu inatumia nguvu zaidi kuzifungua upya. Punguza mwanga wa skrini na uwashe Battery saver, haswa siku stima imepotea.

Kwa nini hii ni mambo ya nchi

Unaweza sema haya ni mambo madogo. Lakini weka pamoja. Serikali inahamisha huduma kwa eCitizen. Mishahara, kodi ya nyumba, fare, harambee, zote zinapita kwa simu. Kazi zinatangazwa kwa simu. Yaani kujua simu yako kumekuwa kama kujua kusoma. Asiyejua analipa mara mbili: analipa bando imeliwa na video hakuitaka, analipa cyber, analipa mwizi, analipa mkopeshaji. Na mara nyingi asiyejua ni yule hana.

Ndio maana Jumapili hii, ukiwa kwa Wi-Fi ya mtu ama umekaa tu kejani, toa nusu saa. Anza na laini, juu hapo ndio pesa iko: PIN ya simkadi na two-step ya WhatsApp. Alafu ulinzi wa wizi na IMEI. Alafu ruhusa za kontakti. Alafu WhatsApp na Data Saver. Kwa mpangilio huo, hata ukichoka katikati, ile mikubwa umeshamaliza.

Ukimaliza yako, chukua ya mathe. Ama ya shosh, ukienda ocha. Usimpokonye umfanyie haraka haraka. Keti naye, abonyeze mwenyewe, umweleze kwa lugha anaelewa kwa nini hapaswi kusomea mtu kodi. Wale wezi wa kupiga simu hawapigii wewe uko rada. Wanampigia yeye, na pesa wanatafuta ni ile wewe ulimtumia.